Ukipanda mlimani, utashuka na nani?



Leo ni Dominika ya Pili ya Kwaresima, na kila mwaka Dominika hii Mama Kanisa hutupeleka mlimani. Injili umekwisha kuisikia, au utaisikia ikiwa unakwenda Misa ya pili. Yesu anawachukua Petro, Yakobo na Yohane, anapanda nao mlima mrefu, anageuka sura mbele yao, na Petro anataka vijengwe vibanda vitatu. Sisi mapadre tukiihubiri habari hii hukaa sana kule juu, kwenye mavazi meupe, Musa na Eliya, wingu na sauti. Habari ya kushuka tunaipitisha mbio, kwa kuwa wakati huo mwalimu wa kwaya ameanza kutazama saa. Lakini walishuka. Chini palikuwa na mtoto mgonjwa na baba yake aliyekuwa amekata tamaa, na mbele zaidi palikuwa na Yerusalemu.

Nataka nikusimulie habari za mtu mmoja aliyepanda mlima kwa njia moja akashuka kwa njia nyingine, yote katika siku moja. Simleti kwako kama mtakatifu. Hakuwa Mkatoliki, na mambo ya imani hakuyazungumza sana. Jina lake ni Harold William Tilman, na rafiki zake walimwita Bill. Waliosoma habari za mlima Everest wanamfahamu. Huku kwetu jina la mji ni Mpanda, lakini milima ya theluji hatuna. Tuna miombo, tuna mto Katuma na viboko wake, na mtu akitaka kupanda kweli itambidi aende Mwese. Hata hivyo mlima ninaouzungumzia hauko mbali kama unavyodhani. Uko hapo Kenya.

Tilman alizaliwa tarehe 14 Februari 1898 huko Wallasey, Uingereza, mtoto wa mfanyabiashara wa sukari. Angeweza kuishia dukani kwa baba yake, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta shuleni. Alipewa uofisa wa mizinga akiwa na miaka 17. Akiwa na miaka 18 alikuwa katika mapigano ya Somme, Ufaransa, ambako vijana walikufa kama majani ya kiangazi. Alijeruhiwa, akapona, akarudi vitani, akapewa nishani ya ushujaa mara mbili. Vita ilipokwisha alikuwa na miaka 20 tu, na wengi wa rika lake walikuwa wamezikwa. Ndugu msomaji, kama umewahi kukaa na watu waliokimbia vita, na sisi wa Katavi tumekaa nao Katumba na Mishamo miaka mingi, unajua kwamba anayebaki hai huwa na swali ambalo halimtoki: kwa nini mimi?

Mwaka 1919 serikali ya Uingereza iliwagawia askari wake wa zamani mashamba katika Kenya kwa bahati nasibu. Tilman akapata shamba upande wa Kericho. Hapa lazima niseme neno, hata kama halipendezi. Ardhi ile haikuwa ya kuchezewa kamari. Ilikuwa ya Wakipsigis, na mtu aliyeokota karatasi yenye namba hakuwauliza. Tilman alikuwa mtu mwadilifu katika mengi, lakini hili alilipokea kama walivyolipokea wenzake. Mimi nawe tunapokea mangapi kwa namna hiyo, bila kuuliza yametoka kwa nani?

Akafyeka msitu, akapanda kahawa, akaishi peke yake miaka mingi. Hakuoa maisha yake yote. Hakuwa msemaji. Alikula chochote, alilala popote, na kazi hakuichoka. Ungemweka katika novisiati ya kizamani asingeona tofauti.

Sasa, mwezi Januari 1929, vijana wawili wa Kiingereza walifanya jambo lililosikika Afrika Mashariki nzima. Mlima Kenya una vilele viwili vikubwa vya mwamba vinavyosimama bega kwa bega: Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188. Majina hayo ni ya viongozi wa kiroho wa Kimasai, Mbatiang na Nelieng, na aliyeyaweka ni Mackinder, mtu wa kwanza kuandikwa kuwa amefika Batian, mwaka 1899. Wakikuyu hawakuhitaji mtu wa kuwatajia mlima huo. Wao waliuita Kirinyaga na kuuelekea wakisali. Tangu Mackinder hakuna aliyefika tena Batian, na Nelion ulikuwa haujakanyagwa na mtu yeyote anayejulikana. Mwaka huo 1929 vijana hao wawili, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, wakapanda upande wa kusini mashariki, wakafika Nelion, wakavuka hadi Batian, wakarudi salama.

Tilman aliposikia habari hizo alimwandikia Shipton barua. Angalia umri wao. Shipton alikuwa amezaliwa Agosti 1907, na alipoanza kupanda milima pamoja na Tilman, mwaka 1930, alikuwa na miaka 22. Tilman alikuwa na miaka 32. Alikuwa ofisa wa vita, mwenye nishani, mwenye shamba, mzoefu wa nchi. Lakini milima alikuwa haijui. Alikuwa ameionja kidogo tu alipokwenda likizo kwao. Mkubwa akamwomba mdogo amfundishe.

Walianzia Kilimanjaro, upande wetu wa mpaka, mapema mwaka huo 1930. Walipanda Kibo, ambako hewa nyembamba ilimtesa Tilman, kisha wakapanda Mawenzi, ule mwamba mchongoma ambao watalii wa leo huutazama kwa mbali na kupiga picha. Katikati ya mwaka wakaenda Mlima Kenya. Safari hii Shipton hakutaka kurudia njia yake ya zamani. Alitaka mgongo wa magharibi.

Ili uelewe mgongo wa mlima ni nini, fikiria kipaa cha nyumba ya bati. Pale juu kabisa, pande mbili za bati zinapokutana, fundi hutembea mguu mmoja mbele ya mwingine. Sasa badala ya bati weka mwamba na barafu, uinue juu kuliko mawingu, kulia kwako shimo na kushoto kwako shimo, na katikati ya njia iwepo minara ya mwamba inayoziba. Wapanda milima huiita minara hiyo kwa neno la Kifaransa la askari, kwa sababu husimama kama askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mgongo wa magharibi una Askari Mdogo na Askari Mkubwa. Kamba zao zilikuwa za nyuzi za mimea, kwa kuwa nailoni ilikuwa bado, na zikilowa huwa nzito na ngumu kama fimbo. Hakukuwa na redio wala helikopta ya kumchukua aliyevunjika mguu.

Jambo jingine la kulijua ni kwamba mlima huo uko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Ulaya wakati wa kiangazi mchana ni mrefu, mpandaji anaweza kuchelewa na bado akaona njia saa mbili usiku. Kwetu sivyo. Jua huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, na likizama limezama. Tena katikati ya mwaka jua huwa kaskazini, kwa hiyo miamba ya kusini hubaki katika kivuli na kujaa theluji na barafu. Njia ya kusini mashariki, ile ambayo Shipton aliipanda Januari ikiwa kavu, sasa ilikuwa katika majira yake mabaya.

Waliondoka kabla ya alfajiri. Mgongo ulikuwa mgumu kuliko walivyotarajia. Kila hatua ya barafu ilikatwa kwa shoka, na kila mnara ulizungukwa kwa kuning'inia ubavuni mwake. Ikafika mahali wakajua kwamba kule walikopitia hawataweza kurudi. Nakuomba usipite haraka hapo. Mtu anayepanda ngazi hujituliza kwa kufikiri kwamba ngazi bado iko. Hawa wawili ngazi ilikuwa imeondoka nyuma yao. Njia pekee ya kushuka ilikuwa kwanza kufika kileleni, kisha kuteremka upande wa pili. Na upande huo wa pili, kati ya wao wawili, aliyeujua ni mmoja tu, yule mdogo.

Wakafika Batian alasiri ikiwa imekwenda sana. Hapakuwa na muda wa vibanda vitatu. Wakavuka mwanya wa barafu uliopo kati ya vilele viwili, ambao huitwa Lango la Ukungu, wakapanda Nelion, na wakaanza kuteremka huku mchana unaisha. Katika mteremko huo Tilman aliteleza. Kamba ikamshika. Shoka lake la barafu likamponyoka, likaenda shimoni. Kuanzia hapo alishuka bila shoka, usiku, kwenye mwamba ambao hajawahi kuuona hata mchana, akiwa amefungwa kwa kamba kwa kijana aliyekuwa anakumbuka: hapa mkono, hapa mguu, hapa pinda kushoto. Usiku ulikuwa umeenda mbali walipokanyaga barafu ya Lewis chini ya miamba. Walikuwa wameunganisha njia mbili za mlima mmoja kwa siku moja, na wanaojua kazi hiyo bado wanaihesabu miongoni mwa siku kubwa za upandaji milima barani Afrika.

Na wapagazi Waafrika waliobeba mizigo yao hadi kambini, wakawangojea kwenye baridi ile? Majina yao hatuyasikii. Sijui kwa nini kila mara nikifika hapo katika habari hii namkumbuka katekista.

Nitakueleza sababu. Miaka michache iliyopita, mwezi Machi, nilikwenda kuadhimisha Misa kwenye kigango kimoja huko nyanda za juu za Mwese. Nilipanda kwa pikipiki pamoja na katekista kijana ambaye nilimbatiza mwenyewe akiwa mchanga. Baada ya Misa, ubatizo na ugali, mvua ikanyesha kama inavyojua kunyesha Mwese. Tulipofika kwenye kijito tulichovuka asubuhi, magogo ya daraja hayapo. Maji yamekuwa mekundu na yanaunguruma. Kijana akasema, Baba, ipo njia nyingine ya kushukia bondeni kwa miguu, pikipiki tuiache kwa Mwenyekiti wa kigango. Nikakataa. Nikamwambia maji yatapungua. Tukakaa pale zaidi ya saa nzima, mimi nikiyatazama maji kana kwamba yataniheshimu kwa kuwa ni padre. Hayakupungua. Giza likaingia.

Mwishowe nikakubali, kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Kijana akajitwika mkoba wa Misa, akakata fimbo, akashika ncha moja, akanipa nyingine. Kumbe mteremko ule aliupita tangu utoto akimfuata baba yake kurina asali. Aliujua kwa nyayo. Alikuwa akisimama na kuniambia, hapa kaa chini, Baba, uteleze. Nami nikikaa, mwenye shahada ya teolojia, nikateleza kwa makalio. Tulifika kijijini karibu na saa sita za usiku, suruali haifai tena, lakini mifupa yote ipo.

Ningependa kukuambia kwamba nilijifunza. Mwezi haukuisha, tukawa katika kikao cha halmashauri ya walei ya parokia, kijana yule yule akanyanyua mkono kuzungumzia michango ya vigango. Nikamkata maneno. Nikasema tuwasikie kwanza wakubwa. Akaketi. Alikuwa anavijua vigango vile kuliko sisi wote mezani, na mimi nilikuwa na alama ya fimbo yake kiganjani. Nimekwisha kumwomba msamaha, lakini hakupata kuinyanyua tena mikono katika kikao chochote nilichokiongoza mimi. Hilo ninalo katika Kwaresima hii.

Turudi kwa Petro. Yule aliyetaka kubaki kileleni ndiye aliyekuja kuambiwa na Bwana, kule kando ya ziwa baada ya ufufuko, kwamba alipokuwa kijana alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini akiwa mzee atainyosha mikono yake, na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Mwinjili Yohane anatueleza kwamba hayo yalihusu kifo ambacho Petro angekufa. Mababa wa Kanisa wamelitafakari neno hilo kwa namna nyingi. Mimi siku hizi, magoti yakianza kulia ninapopiga goti altareni, nalisikia kwa namna ya Nelion. Kupanda niliweza mwenyewe, au nilidhani nimeweza. Kushuka nitafungwa kamba, na anayenitangulia huenda akawa mtu niliyemfundisha ishara ya msalaba. Na nyuma ya huyo kijana yupo Mwingine aliyekwisha kuupita upande ule wa giza mwaka uliotangulia, kwa kusema hivyo, na anakumbuka mwamba ulivyo.

Wewe unayesoma, labda ni mwenyekiti wa jumuiya kwa miaka kumi na mitano. Labda ni mama wa WAWATA ambaye funguo za stoo hazijawahi kutoka kwenye fundo la kanga yake. Labda ni baba ambaye mwanawe amemwambia, mzee, biashara siku hizi inakwenda hivi. Umeishika kamba, au bado unayatazama maji?

Tilman baada ya siku ile hakurudi kuwa mkulima wa kawaida. Mwaka 1932 alipanda Ruwenzori pamoja na Shipton. Mwaka 1933 aliondoka Afrika Mashariki, na namna alivyoondoka inanifurahisha mno: alipanda baiskeli Uganda, akavuka Kongo, akatokea pwani ya Atlantiki huko Kamerun. Makatekista wetu wa zamani wa Inyonga, ambao waliijua parokia kwa idadi ya pancha, wangemwelewa. Mwaka 1934 yeye na Shipton walifungua njia ya kufika chini ya mlima Nanda Devi huko India, mahali ambapo wengi walishindwa kupenya. Mwaka 1936 alisimama juu ya Nanda Devi, mita 7,816, na kwa miaka 14 hakuna binadamu aliyefika kilele kirefu kuliko hicho. Inasemekana yeye na mwenzake walipofika walisahau ukimya wao kidogo, wakapeana mikono. Mwaka 1938 aliongoza msafara wa Everest ambao haukufika juu.

Katika miaka yote hiyo hakuacha kumwita mwenzake kwa jina la ukoo. Shipton alipomsihi amwite Eric, baada ya kufungwa kamba moja miaka saba, Tilman aliona aibu na kusema jina hilo lingesikika la kipuuzi kinywani mwake. Kuna upendo wa namna hiyo. Nimeuona kwa wazee wa hapa hapa.

Vita ya Pili ilipokuja alikwenda tena, ingawa umri ulimruhusu kukaa nyumbani. Alirushwa kwa parachuti Albania, kisha Italia kaskazini, akapigana pamoja na wenyeji milimani, na mji wa Belluno ukamfanya raia wake wa heshima. Baadaye, milima mirefu ilipoanza kumkataa, alijifunza ubaharia akiwa na miaka zaidi ya 50. Alinunua mashua ya zamani iliyojengwa mwaka 1906, akasafiri nayo hadi Patagonia na Greenland, akazamiwa na mashua mbili katika barafu ya kaskazini, akaendelea.

Eric Shipton alifariki mwezi Machi 1977. Mwaka huo huo kijana mmoja Mwingereza alikuwa ameandaa meli ndogo iitwayo En Avant kwenda kupanda mlima katika kisiwa kimoja karibu na Antaktika, naye akamwomba Tilman aende naye. Tilman alikuwa na miaka 79. Alikuwa nahodha wa mashua zake mwenyewe zaidi ya miaka 20. Akakubali, lakini si kama nahodha. Nahodha alikuwa yule kijana, na mzee akapanda kama baharia wa kawaida, tayari kwa zamu yake.

Walifika Rio de Janeiro, Brazili. Wakaondoka hapo tarehe 1 Novemba 1977, Sikukuu ya Watakatifu Wote, kuelekea visiwa vya Falkland, ambako Tilman alitazamiwa kutimiza miaka 80 Februari iliyofuata. Meli haikufika. Haikuonekana tena, wala yeyote aliyekuwamo. Hakuna kaburi la kuwekea shada, kwa hiyo kila tarehe 2 Novemba, tunapowaombea marehemu wote kule makaburini, nikimaliza kunyunyiza maji ya baraka kwenye makaburi yetu yenye misalaba ya miti, hunyunyiza mara moja zaidi upande wa magharibi, kwa ajili ya mzee yule na vijana aliokuwa nao.